Mashine Ndogo ya Shangazi Thurza

Ambrose Vokey alikuwa tayari kukiri, na Sajini Rosaleen Pelley hakutaka kumsikia. Wala si kwa huruma. Katika kazi yake ya upelelezi alikwisha kuwaona watu wakikiri makosa yasiyo yao kwa sababu tu wamechoka kutazamwa kwa jicho baya, na Ambrose, aliyeketi jikoni kwa Shangazi Thurza bila hata kuvua koti, alikuwa na uso wa namna hiyo hiyo.

"Niandikie tu, Sajini," alisema. "Mashine ya joto niliyomfungia Shangazi ni ndogo. Perrin Cove nzima inasema ni ndogo. Mimi nani nibishane na kijiji kizima?"

"Wewe ndiye fundi," Rosaleen alisema. "Kijiji kizima hakina cheti. Nieleze ulivyoipima."

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Shangazi Thurza Kearley, mjane aliyepita miaka themanini, ambaye Perrin Cove yote inamwita shangazi hata wasiokuwa na tone moja la damu yake, alikutwa Jumapili ya dhoruba amelala sakafuni jikoni humu, hana fahamu. Jiko lake la zamani la kuni lilikuwa linawaka, na dohani ilikuwa imeziba kwa matofali yaliyobomokea ndani, basi moshi na ile hewa ya sumu isiyo na harufu vikamrudia. Mjomba Esau Tuck, jirani yake, aliingia kumletea samaki kama ilivyo desturi yake, akamwona, akambeba mgongoni mpaka nje kwenye theluji. Sasa bibi alikuwa hospitalini, anapumua lakini hasemi.

Kwa nini aliwasha jiko alilokatazwa? Kwa sababu nyumba ilikuwa baridi. Na kwa nini nyumba iwe baridi ilhali ukutani kuna mashine mpya ya umeme, ya kupasha joto na kupoza? Hapo ndipo vidole vyote vilipomwelekea Ambrose. Mwendesha mashtaka mjini alitaka neno la Rosaleen kesho asubuhi. Likiwa kwamba mashine ilikuwa ndogo kuliko nyumba, Ambrose angeshtakiwa kwa uzembe, na bibi akifa, kwa jambo zito zaidi ya hilo.

Ambrose akaeleza, mwanzoni kwa shingo upande, halafu kwa moto wa mtu anayeipenda kazi yake. Alipima kuta na madirisha, akapanda darini kutazama sufi ya kuzuia baridi, akafunga feni mlangoni kujua nyumba inavujisha upepo kiasi gani. Pwani hii, alisema, baridi yake si ya kuua kwa pigo moja kama ya bara. Bahari haiiachii igande sana. Kinachowamaliza watu ni upepo na unyevu.

"Sasa ukimfungia mtu mashine kubwa mno," akasema, "inapuliza joto kidogo inazima, inapuliza inazima. Unyevu haukauki. Kuta zinaota kuvu. Kiangazi ukungu ukiingia, inapoza chumba lakini kinabaki majimaji kama pango. Mashine ya kiasi inafanya kazi polepole kutwa kucha bila kusimama. Ndiyo afya yake."

"Na watu wa huku wanataka ipi?"

"Kubwa. Wamekulia jikoni kwenye jiko la kuni, mtu anatoka jasho huku nje kuna barafu. Mjomba Esau alinunua kubwa kuliko zote. Madirisha yake yanalia kama yako msibani." Alitaka kucheka, akakumbuka yuko wapi. "Ndiye aliyesema nimemfungia Shangazi mashine ya banda la kuku. Sasa hata watoto wanaimba."

Lakini lililomkalia kooni Ambrose halikuwa banda la kuku. Ile Jumapili asubuhi Shangazi Thurza alimpigia simu kumwambia kwamba nyumba haipati moto. Naye, kwa kuiamini hesabu yake, alimjibu avute subira, nyumba itapata moto tu. Bibi akasema haya mwanangu, akakata simu. Tangu hapo Ambrose hakulala usingizi wa maana.

Rosaleen alilipokea hilo bila kusema pole. Pole zina wakati wake. Alivaa buti akatoka kuikagua sehemu ya mashine inayokaa nje, kwani jirani mmoja alishaapa kwamba ilifukiwa na theluji. Haikufukiwa. Ambrose aliinyanyua juu ya kichanja cha chuma, akaiezekea kijipaa, na chini yake theluji ilikuwa haijafika hata magotini. Chujio la ndani lilikuwa safi. Alipoongeza joto mashine iliitika, na leo, siku tulivu isiyo na upepo, jikoni kulikuwa kuzuri kukaa. Njia hiyo ya uchunguzi ilikuwa imekufa.

Akarudi kitini. "Mara ya mwisho kumwona bibi akiwa mzima ilikuwa lini?"

"Alhamisi ya wiki iliyopita, kwenye karata, ukumbini kanisani. Nilicheza naye. Mwenzake ni Mjomba Esau siku zote, lakini siku hiyo mgongo ulimsumbua, nikakalia kiti chake. Tulipigwa vibaya sana."

"Alisema nini juu ya mashine?"

Ambrose akafikiri. "Aliwatania wenzake. Alisema jana yake alikaa jikoni mikono wazi, bila sweta, kama yuko ufukweni."

"Jana yake," Rosaleen akarudia. "Jumatano."

Alitoa simu yake akatazama habari za hali ya hewa za wiki ile, ingawa hakuhitaji. Maji ya bomba lake mwenyewe yaliganda Jumatano hiyo. Ulikuwa usiku wa baridi kuliko wote tangu majira kuanza. Jumapili ilikuwa na upepo wa kaskazini-mashariki wa kung'oa mapaa, lakini baridi yenyewe ilikuwa ya kawaida tu.

"Ambrose, nisikilize. Mashine ndogo inashindwa lini?"

"Siku ya baridi kali."

"Siku ya baridi kali bibi alikaa mikono wazi. Akaja kuganda siku ya upepo. Kwa hiyo mashine haikupungua. Nyumba ndiyo iliyobadilika, kati ya Alhamisi na Jumapili. Ile feni yako unayo?"

Alikuwa nayo garini. Aliifunga kwenye mlango wa jikoni, kitambaa kizito kikiziba nafasi yote iliyobaki, na feni yenyewe chini ikitazama nje kama jicho. Kazi yake ni kuvuta hewa ya ndani itoke. Nyumba ikiwa imeziba vizuri, sindano ya geji hupanda upesi. Ikiwa inavuja, feni huhangaika bure. Mwaka jana, alisema Ambrose, nyumba hii ilivutika kwa feni ya nusu nguvu. Alijivunia hilo, kwa kuwa alikuwa ameziba nyufa zake kwa mkono wake mwenyewe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika kazi yake methali hiyo si mapambo.

Akaiwasha nusu. Sindano ikatikisika ikalala. Akaongeza mpaka mwisho. Feni ikalia nyumba ikatetemeka, na sindano ikapanda kidogo ikasimama, kama punda aliyekataa mlima.

Ambrose akaikodolea macho sindano. "Basi nilipima vibaya."

"Acha kujihukumu dakika moja," Rosaleen alisema kwa ukali kuliko alivyokusudia. "Upepo unaingilia wapi?"

Alirarua kipande cha karatasi ya chooni, akakishika kwa vidole viwili, akaanza kutembea. Dirishani kilining'inia tu. Kwenye mlango wa sebule, ambao Shangazi Thurza huufunga majira yote ya baridi na kuuwekea chini kizulia kilichoviringishwa, kilitikisika kidogo. Lakini pale ngazi inapoanzia kililala kabisa, kikielekeza jikoni. Hewa baridi ilikuwa inashuka ngazi.

Walipanda. Chumba cha kulala cha mbele kilikuwa na tundu sakafuni lenye wavu wa chuma, ambalo wazee walilitoboa zamani ili joto la sebuleni lipande juu. Rosaleen aliinamisha uso na upepo ukampiga machoni. Sebule ilikuwa chini yao kabisa.

"Lakini sebule imeziba," Ambrose alisema. "Haipashwi joto, hakai mtu, ila imeziba. Ndivyo nilivyoihesabu."

Rosaleen alishuka, akakisogeza kile kizulia, akausukuma mlango. Sebule ya Shangazi Thurza ilikuwa na picha ya marehemu mumewe, makochi yaliyofunikwa mashuka, na baridi ya kaburini. Upande wa baharini kulikuwa na mlango wa mbele.

Nyumba nyingi za pwani hii zina mlango wa mbele usio na ngazi. Ulijengwa kwa heshima tu. Hufunguliwa kwa askofu na kwa jeneza, na anayeukanyaga vibaya huangukia chini kimo cha kifua cha mtu mzima. Ndiyo maana hakuna anayeuita mlango. Rosaleen mwenyewe, mzaliwa wa ghuba ya pili tu, alikuwa ameizunguka nyumba asubuhi ile akiwauliza majirani nani alipita mlango gani, akahesabu mlango mmoja wa jikoni na akaridhika. Sasa alijiona mjinga, na hasira hiyo ilimsaidia.

Utepe wa gundi uliouziba mlango huo pembeni ulikuwa umebanduka wote chini, na hewa ikipita hapo kwa mluzi. Theluji laini ilikuwa imejipanga kwenye zulia la plastiki. Utepe wa zamani, ule wa kitambaa cha kijivu, ulikuwa umekatwa kwa kisu. Juu yake ulibandikwa mwingine wa buluu.

"Huo ni wa kiwanda cha samaki," Ambrose alisema. "Wa kufungia maboksi ya kaa. Kwenye baridi haushiki hata dakika."

"Nani anao?"

"Nani hana?"

Ukutani, kati ya picha na dirisha, karatasi ya maua ilikuwa na pande moja ambalo halijafifia, pana na refu. Ambrose alikumbuka mara moja kilichokaa pale. Kilikuwa kinanda cha upepo cha Shangazi, kile cha kukanyaga kwa miguu, ambacho mivukuto yake ilipasuka miaka mingi iliyopita na kikanyamaza. Kisingeweza kupita kwenye kibaraza chembamba cha jikoni hata kidogo.

Fikra ya kwanza ya Rosaleen ilikuwa wizi, na mwizi alikuwa na jina: Selby, mpwa wa marehemu mume wa Shangazi, ambaye hununua fenicha za wazee na kuwauzia watu wa mjini. Alimpigia. Selby alikuwa Alberta, mbali huko bara, kazini tangu vuli, na msimamizi wake alichukua simu akathibitisha kwa sauti ya kuchoshwa. Alipoambiwa kinanda hakipo, Selby aliuliza kwa mshangao nani angekitaka kitu kilichopasuka kile.

Rosaleen alirudi kuchuchumaa pale mlangoni. Kwenye zulia la plastiki kulikuwa na michubuko ya kukingama iliyofuatana hadi kizingitini, alama za miti ya kuviringishia kinanda, vilevile wanavyovuta boti pwani. Kwa hiyo hata mtu mmoja peke yake angeweza. Nje angeleta pikapu kinyumenyume mpaka kizingitini. Halafu? Aliufunga mlango kwa ndani, akautia komeo, akaubandika utepe, akatoka sebuleni, akakirudisha kizulia mahali pake, akapita jikoni.

"Ambrose, umewahi kumwona mwizi anayeziba mlango mwenye nyumba asipigwe na baridi?"

Ambrose akaupapasa utepe wa buluu.

"Huyu alimjali," Rosaleen alisema. "Alijua kizulia kinakaaje. Alijua bibi yuko kwenye karata. Na yeye mwenyewe kwenye karata hakuwepo."

Alimwona Ambrose akifika hapo polepole. Aliyekosa karata Alhamisi ile alikuwa mmoja, na kiti chake alikikalia Ambrose mwenyewe.

"Hapana," Ambrose alisema. "Yule ndiye aliyemwokoa."

"Baki hapa. Uzibe huo mlango."

Mjomba Esau alikuwa bandani kwake, kando ya nyumba, redio ikizungumza peke yake. Kinanda kilisimama katikati, kimepigwa msasa na mafuta mpaka kinang'aa, na mivukuto yake imevalishwa ngozi mpya. Hakujaribu kukificha. Alitabasamu kama mtoto aliyefumaniwa na zawadi, akamwomba sajini asimwambie mtu.

"Ni ya Pasaka, binti. Thurza hajapiga wimbo tangu mumewe afe. Nilitaka akirudi kanisani akute kiko palepale, akanyage, kilie." Akapangusa kiti ili akae. "Kumbe polisi mnafuatilia na vinanda?"

Rosaleen hakukaa. Kwa nukta chache alitamani kuwa mtu mwingine mwenye kazi nyingine. Halafu akapiga moyo konde.

"Mjomba, mlango wa mbele uliuziba kwa nini?"

"Upepo usimwingilie."

"Kwa utepe wa kiwandani."

"Ndio niliokuwa nao." Bado alikuwa anatabasamu, ila macho yalianza kuuliza.

Alimweleza yote kwa mpangilio, bila kuinua sauti. Alimweleza kwamba Jumatano ya baridi kali bibi alikaa mikono wazi. Kwamba utepe haukushika, na upepo wa Jumapili ukaingia chini ya mlango, ukapanda kwa tundu la chumba cha juu, ukashuka ngazi, mashine ikashinda ikipasha joto Perrin Cove yote badala ya nyumba moja. Kwamba bibi aliona baridi, akawasha jiko. Rosaleen alimwonea mzee yule huruma kuliko mtu yeyote aliyewahi kumhoji, na hakumpunguzia neno hata moja.

Esau alizima redio. Alikaa juu ya kreti, mikono yake mikubwa imelala magotini.

"Uliniuliza kama kuna mtu alifungua mlango," alisema mwishowe. "Nikasema hakuna. Sikukudanganya, binti. Ule sikuuona kama mlango."

"Najua. Hata mimi sikuuona."

"Anaendeleaje?"

"Hospitali wanasema leo amefumbua macho. Hasemi bado."

Akatikisa kichwa taratibu. "Nimepita nyumba kwa nyumba nikisema Ambrose karibu amuue. Nyumba kwa nyumba. Kila mtu ananisifu kwa kumbeba, mimi nasema nishukuruni mimi, mlaumuni yule." Akakitazama kinanda. "Sasa nitakamatwa?"

"Sheria haina kosa la kutengeneza kinanda," Rosaleen alisema. "Lakini nataka maelezo yako, kwa jina lako, sasa hivi. Kesho asubuhi kuna mtu atashtakiwa kwa kukosekana maelezo hayo."

Aliyatoa, na Rosaleen akamsomea, akatia sahihi kwa kalamu aliyoikandamiza karibu itoboe karatasi. Kisha sajini akampigia mwendesha mashtaka hapohapo, akamwambia kwamba mashine ilikuwa ya kiasi chake, na kwamba anao mlango, utepe, kipimo na shahidi. Upande wa pili ukasema basi hakuna kesi. Kwa upande wa serikali mambo yalikuwa yamekwisha. Rosaleen angeweza kuingia garini akaenda zake.

Hakwenda. "Serikali imesikia, Mjomba. Ambrose haishi na serikali. Anaishi hapa."

Esau alimtazama, akachukua kofia yake, na njiani wakampitia Ambrose.

Ilikuwa Alhamisi, na ukumbini kanisani meza zilikuwa zimejaa, chai ya maziwa ya kopo ikifuka, watu wakipiga karata mezani kwa ngumi. Walipoingia, sauti zilishuka. Si kwa ajili ya Esau, kwa ajili ya Ambrose aliyekuwa nyuma yake, ambaye Rosaleen alilazimika kumvuta kwa mkono wa koti. Meza zote zilikuwa na watu wanne wanne. Hakuna aliyemtazama usoni.

Esau alisimama katikati, kofia mkononi. Alikuwa mtu wa kupenda kusikilizwa, lakini sasa ilibidi aanze mara mbili.

"Mlango wa mbele wa Thurza niliufungua mimi," alisema. "Nilitoa kinanda kukitengeneza. Sikuuziba vizuri. Upepo ule uliingilia hapo. Mashine ya Ambrose haina kosa. Nilisema nyumbani kwenu yeye ndiye. Nimekuja kusema ni mimi."

Bibi mmoja aliweka karata zake chini zikiwa wazi, ingawa mchezo ulikuwa haujaisha. Ambrose alikuwa ameinama, mabega yakimtikisika, akilia mbele ya watu waliomnyima salamu siku hizo zote.

"Sema tena, Mjomba," alisema.

Esau akageuka amtazame yeye peke yake. "Si wewe, mwanangu. Ni mimi."

Yule bibi wa karata akasukuma kiti cha ziada kwa mguu kikatoka chini ya meza. Ambrose akakaa. Esau alibaki amesimama katikati ya ukumbi, na palepale Ambrose akajisogeza pembeni, akampigia kiganja nusu ya kiti iliyobaki, naye akae.